Gia Mpya za Kapteni Odiel

Odiel Vandemaele alijua habari za mikono yake kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa muda mrefu aliificha kama watu wanavyomficha ndugu mlevi wageni wanapokuja. Asubuhi alimwomba mkewe amfungie vifungo vya shati, akisingizia kwamba miwani imepotea. Kikombe cha kahawa alikishika kwa viganja viwili, akisema kuna baridi. Baridi gani mwezi wa Julai? Mariette, mkewe, hakuuliza. Alifunga vifungo, akampiga kofi dogo kifuani kulinyoosha shati, akaenda zake kulisha kuku.

Daktari wa mjini Ghent alikwisha sema lake. Neva za mikono zilikuwa zinakufa taratibu, zikianzia kwenye ncha za vidole na kupanda, na dawa ya kuzirudisha haikuwapo. Aliuliza kama kuna maumivu. Odiel akasema hapana, na alisema kwa masikitiko, maana angalau maumivu yangekuwa habari. Vidole vyake havikumletea habari yoyote. Alipogusa meza, ni macho yaliyomwambia kwamba ameigusa, na mwaka huo ganzi ilikuwa imekwisha kufika viganjani.

Na hiyo haikuwa mikono ya mchezo. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliifanyisha kazi kwenye kiwanda cha mazulia pale mjini Ronse, kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika mashine ikiwa mbioni. Uzi ukikatika, Odiel aliudaka, akaupiga fundo la wafumaji, akaukata mkia na kuuachia, msimamizi hajageuza hata shingo. Wasichana wa idara ya rangi walikuja kumtazama wakati wa mapumziko. Mmoja wao alikuwa Mariette. Kisha kiwanda kikafungwa, mashine zikapakiwa kwenye malori na kuuzwa mbali, na Odiel akabaki na mikono yake na baiskeli.

Baiskeli ndiyo iliyomsitiri. Kwetu huku, kwenye vilima hivi, mwanamume asiyetoka na baiskeli Jumapili ni mgonjwa au ni padri, na padri wetu mwenyewe hutoka baada ya misa. Odiel alijiunga na klabu ya kijiji, na baada ya miaka michache wakampa filimbi. Akawa kapteni wa barabara.

Mtu wa nje hudhani kapteni ni yule mwenye miguu ya chuma. La. Kapteni ni mwenye breki. Vijia vyetu ni vyembamba, vimepangwa mawe tangu enzi za mababu, na huteremka vikijipinda kati ya kuta na mashamba. Watu wakibanana gurudumu kwa gurudumu kwenye mteremko kama huo, mmoja akashika breki kwa woga wake binafsi, wote walio nyuma yake wanalala chini. Kwa hiyo klabu ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hakuna agusaye breki kabla ya kapteni. Yeye hukaa mbele, yeye huamua. Breki za Odiel zilikuwa za raba, za zamani, zenye mlio wa bata aliyekanyagwa mguu. Bata akilia, wote wanashika. Bata akinyamaza, wote wanaachia, roho mkononi, wakimwamini yeye.

Tangu apewe filimbi ajali ilikuwa moja tu. Vuli ya mwaka juzi, kwenye mteremko wa Hazenberg, Remi mwoka mikate alishindwa kukata kona akaingia moja kwa moja kwenye shamba la viazisukari, akavunjika mfupa wa bega. Odiel alirudi, akasimama juu yake, Remi akiwa bado matopeni, akamfokea mbele za watu. "Masikio uliyaacha kwenye tanuri? Hukunisikia nikishika breki?" Remi alimtazama tu, akiwa ameshika bega. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mkulima, na kila akipita na mikate yake kuna anayemuuliza mavuno yamekuwaje. Remi hucheka pamoja nao.

Filimbi yenyewe Odiel aliifunga shingoni kwa uzi mfupi wa kiwandani, mfupi kiasi kwamba ilikaa chini ya kidevu na aliweza kuidaka kwa midomo bila kuachia usukani. Ufupi huo ndio ulioufanya uzi usiweze kupita kichwani; kuuvua ilikuwa lazima fundo lifunguliwe. Mwanzoni mwa msimu huu alilipiga fundo lile mwenyewe, chooni, mbele ya kioo, mlango umefungwa, na lilimchukua asubuhi nzima. Hakulifungua tena. Alioga na filimbi, akalala na filimbi. Mariette akawa anamuuliza kama usiku anatazamia kuwaongoza kuku.

Alichokiogopa Odiel kilikuwa kimoja. Siku klabu itakapojua mikono imekufa, filimbi itaondoka, na filimbi ikiondoka yeye atakuwa mzee mmoja mwingine wa kuketi dirishani akihesabu matrekta. Hakuwa na kitu kingine. Watoto wako mbali, kiwanda ni kichaka, na bustani haimtaki mtu asiyeweza kung'oa gugu.

Ndipo Wannes, fundi wa baiskeli pale kijijini, alipoletewa seti mpya ya gia na breki.

"Ingia uone, Kapteni," Wannes alimwita alipomwona anapita. Juu ya stendi ilining'inia baiskeli nyeusi. "Tafuta waya."

Odiel alitafuta. Huku na huko, hakuna waya hata mmoja wa kuvuta gia.

"Sasa gusa hapa, nyuma ya mkono wa breki. Usisukume! Gusa kama unamwamsha mtoto."

Odiel alipeleka kidole kwa macho, kama alivyozoea siku hizi, mpaka akakiona kimefika. Kule nyuma kitu kidogo kikanguruma, mnyororo ukaruka gia moja. Akagusa tena. Ukaruka tena. Kwenye baiskeli yake ya zamani, gia kubwa ya mbele aliisukuma kwa kiganja kizima, uso umemkunjamana. Siku nyingine iligoma kabisa, akapanda kilima chote kwa gia ngumu, na watu wakamsifu eti ana miguu kama ya farasi.

"Na breki?" aliuliza.

"Kidole kimoja. Ndani kuna mafuta. Mafuta ndiyo yanayofanya kazi, si wewe."

Si wewe. Odiel aliyapenda maneno hayo kuliko yote aliyoyasikia mwaka huo. Aliichukua ile baiskeli mpaka kanisani na kurudi. Alipanda, akateremka, akasimama pale alipotaka kusimama. Wakati wa kurudi macho yalimlengalenga, na haukuwa upepo.

"Vipi?" Wannes aliuliza.

"Niwekee kwenye fremu yangu."

Wannes alijifuta mikono kwa tambara, akaitazama ya mwenzake. Fundi huona mikono ya watu kuliko anavyoona nyuso zao. "Ni seti nzuri kweli, Kapteni. Ila inataka kitu kimoja tu. Inataka kidole kijue kwamba kimegusa."

"Nimekuambia niwekee," alisema Odiel.

Nyumbani alimweleza Mariette, na katika kueleza akajikuta amesema neno mikono, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile. Mariette alikuwa akidunduliza pesa za jiko jipya tangu mtoto wao wa mwisho aolewe. Alitazama kabati ambalo mlango wake hushikiliwa kwa kiti.

"Itakusaidia?" aliuliza.

"Itanirudisha kama zamani, Mariette. Ungeiona! Kidole kimoja!"

"Basi nunua. Jiko hili limenivumilia, litavumilia tena."

Alifurahi kama mtoto, mzee yule. Ukimwona unamwonea huruma, lakini pale hapakuwa na wa kumwona ila mkewe, naye aligeuka kumenya viazi.

Jumapili iliyofuata, gia na breki zikiwa zimekwisha fungwa, mvua ya usiku ilikuwa imeacha mawe yanang'aa. Klabu hukutana mbele ya mkahawa wa Paula, ng'ambo ya kanisa, na mtu akija na kitu kipya desturi ni kwamba kila mmoja hukijaribu kuzunguka uwanja wa kanisa, kisha husema neno lake. Hakuna anayeruhusiwa kunyamaza, na mwenye mali husema mwisho, baada ya safari.

Remi alitangulia. Alizunguka, akarudi mdomo wazi. "Jamani, siagi! Nimebadilisha gia na sikujua kama nimebadilisha."

"Wewe hata shambani uliingia hujui kama umeingia, Mkulima," mtu alimrushia, na wote wakacheka.

Etienne mwenye duka la dawa aliingia kwa mbwembwe, akashika breki, tumbo likafika kwenye usukani kabla yake. "Ee Mungu! Hizi si breki, ni ukuta. Nusura niwaachie urithi."

"Urithi gani, vidonge vya kikohozi?"

Mwisho akaja Firmin. Huyu alikuwa rafiki wa Odiel tangu kiwandani, mtu mrefu, mnung'unikaji, aliyemaliza maisha ya kazi akiendesha lori la maziwa. Katika msafara nafasi yake ilikuwa ya pili, mgongoni kwa Odiel, miaka yote. Alizunguka uwanja mara mbili, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Neno lako, Firmin!"

"Nyepesi. Ninakiri, nyepesi. Lakini betri ikiisha katikati ya kilima utaomba umeme kwa ng'ombe? Na breki hazilii hata kidogo. Tutajuaje sasa kama Odiel ameshi..." Akakatiza. Ghafla watu wakawa na viatu vya kukaza na chupa za maji za kukagua. Firmin alikohoa. "Nasema tu hazilii."

"Mtatumia macho," alisema Odiel, akicheka peke yake, na hakuona neno. Furaha ilikuwa imemfumba macho.

Sasa, klabu ina desturi nyingine, na hii Odiel mwenyewe ndiye aliyeisimamia kwa ukali: baiskeli mpya, au yenye vifaa vipya, hukaa mkiani siku yake ya kwanza. Chombo ambacho hakijajaribiwa kikivunjika mbele, wote wanaanguka. Kikivunjika nyuma, anaanguka mmoja. Aliwahi kumrudisha nyuma hata meya. Kwa hiyo hakubisha. Alimpungia Firmin ashike mbele, naye akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu apewe filimbi.

Nyuma huko mwenzake alikuwa Jorinde, binti aliyejiunga majira ya kuchipua, msaidizi wa daktari wa mifugo. Wageni huanzia mkiani.

"Karibu kwetu mkiani, Kapteni," alimtania. "Huku ndiko tunakokula matope."

Kwa kilima cha kwanza mambo yalikuwa mazuri mno. Odiel aliona kidole, akakipeleka, gia ikaitika. Alikuwa anaimba chinichini. Jorinde alimwambia mnyororo wake hausikiki hata kidogo, ni kama paka anatembea jikoni, na Odiel akamwambia asubiri ateremke aone breki.

Kwenye kilima cha pili miguu ilianza kuzunguka bure. Gia ilikuwa imeshuka yenyewe. Akapandisha. Muda si muda ikashuka tena, na tena, mpaka akawa anakanyaga hewa, na Jorinde akamsukuma kiunoni ili asibaki. "Betri?" aliuliza. Odiel alimlaani Wannes kimoyomoyo. Kisha akatazama chini. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeegemea kitufe, kimelala pale kama soseji, kikibonyeza na kubonyeza kila baiskeli ilipotikiswa na mawe, na hakikumwambia kitu. Alikiondoa. Baada ya mita chache akakikuta palepale.

Basi ikambidi akitazame. Na mtu anayetazama kidole hatazami barabara.

Wakafika juu ya Hazenberg, ule mteremko wa Remi. Mbele, mbali, Odiel alimwona Firmin akiuanza, mgongo umeinama. Kabla ya kona ya shamba, mkono wa Firmin ukatoka kwenye usukani, ukaja nyuma kiunoni, vidole viwili vikafunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, kama mkasi. Aliyemfuata akafanya vilevile. Mkasi ukapita kwa Etienne, ukapita kwa Remi, mtu kwa mtu, ukaja mpaka kwa mtu aliyekuwa mbele yao, na msafara wote ukapunguza mwendo kwa utulivu, kila mmoja kwa breki zake.

Odiel alizijua ishara zote za barabarani. Nyingi alizifundisha yeye. Hii hakuwa ameiona maishani.

"Jorinde! Ile ya vidole ni ishara gani?"

"Ipi?"

"Ile ya mkasi!"

"Aa, hiyo!" Upepo ulikuwa mwingi, ikambidi apaze sauti. "Hiyo ni Odiel!"

"Nini?"

"Odiel! Walinifundisha siku ya kwanza. Shimo, gari, mawe, Odiel. Maana yake shika breki mwenyewe, usimngoje aliye..."

Akaishia hapo. Binti wa watu, alikuwa amelizoea lile neno kama neno la barabara tu. Kwake mzee huyu alikuwa Kapteni, na hakuwahi kufikiri kwamba mwenye jina hajui. Uso wote ulimwiva. "Kapteni, nilidhani unajua. Nilidhani mlikubaliana."

Kona ilikuwa imefika. Odiel alipeleka vidole kwenye breki, na hakujua kama vimevuta. Akatazama chini kuhakikisha. Vilikuwa vimevuta vyote, kwa nguvu zote, na breki zile zilizotengenezwa kwa kidole kimoja zikafanya kazi yake bila kosa: gurudumu la nyuma likafunga, likateleza juu ya mawe mabichi, baiskeli ikaanza kwenda upande kuelekea shambani. Alitaka kulegeza. Aliiambia mikono ilegee. Haikusikia, au ilisikia naye hakujua. Kilichomwokoa ni mkono wa Jorinde, uliomkamata jezi mgongoni na kumvuta mpaka wote wawili wakasimama, mguu mmoja mmoja chini, ukingoni mwa viazisukari.

"Nimekushika," binti alikuwa akirudia. "Nimekushika, Mzee. Nimekushika."

Msafara ulikwisha pita kona. Hakuna aliyegeuka, maana nyuma hakugeukwi mteremkoni. Hilo nalo alilifundisha yeye. Odiel alikaa akiitazama mikono iliyong'ang'ania usukani. Ilimbidi avifungue vidole vya kulia kwa kuvisugua kwenye paja, na vya kushoto Jorinde akamfungulia.

"Usiwaambie," Odiel alisema. Halafu akaona upumbavu wa neno hilo, kwa jinsi alivyokuwa wa mwisho kuambiwa, na akapanda baiskeli, wakaendelea mpaka kijijini.

Kwa Paula meza zilikuwa zimeunganishwa, bia zimemiminwa, na keki za jibini za moto ziko katikati. Kelele zilikuwa za gia mpya. Etienne alishikilia kwamba breki za namna ile zinafaa kuuzwa kwa cheti cha daktari. Remi alitaka kujua kama mtu anaweza kuziendesha akiwa na unga mikononi. Mtu mmoja aliapa kwamba hatanunua kitu kinachohitaji kuchajiwa kama simu, na mwenzake akamwambia hata simu hana.

"Haya, mwenye mali!" alisema Etienne, akigonga glasi. "Kapteni, neno lako."

Odiel alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono mapajani, bia yake haijaguswa.

"Ni gia nzuri," alisema. "Hazina kosa. Wannes ameziweka vizuri, na breki ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika." Akaisogeza bia kando kwa kiwiko. "Firmin, ile ishara mliianza lini?"

Hata Paula, pale kwenye bomba la bia, aliacha kujaza. Firmin alimtazama Jorinde. Jorinde alitazama keki.

"Ishara gani?" Firmin alijaribu.

"Usinifanye mtoto. Ile yenye jina langu."

Firmin alijikuna shingo. "Baada ya Remi," alisema mwishowe.

Odiel alimgeukia Remi. "Siku ile ulinisikia nikishika breki?"

"Kapteni, yaliyopita..."

"Ulinisikia?"

"Hapakuwa na cha kusikia," Remi alisema polepole. "Hukushika. Ulikata kona vile vile, ukaiwahi kwa bahati. Mimi sikuiwahi."

"Na nikakufokea ukiwa matopeni."

"Ulinifokea, ndiyo. Na pale hospitali ukanifokea tena, mke wangu akiwepo." Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" alisema Remi. Alikuwa analia, mtu mzima yule, mwenye mikono mikubwa ya kukanda unga. "Nilikiona kidole chako kimenyooka juu ya breki, kimekaa tu. Ningesema nini?"

Odiel alihesabu. Misimu miwili. Misimu miwili alikuwa akiteremka mbele yao kifua mbele, na nyuma ya mgongo wake vidole vinafunguka na kufunga. Na wao mezani humwambia, leo umetuteremsha vizuri, Kapteni.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanivika kilemba cha ukoka."

"Hatukukucheka hata siku moja," alisema Firmin kwa ukali. "Hata siku moja, Odiel. Tulisema msimu ukiisha utaiacha filimbi mwenyewe. Ukaisha. Ukaja mwingine. Kila mtu akamngoja mwenzake aseme, na mimi nikangojwa zaidi kwa sababu ni rafiki yako. Sikuweza. Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara nyingi tu, muulize Mariette."

"Mariette anajua?"

Firmin aliinamisha kichwa. Mariette alikuwa ametoa pesa za jiko lake huku akijua yote. Odiel alipofikiria kabati lile na kiti chake, ndipo uchungu ulipomwingia hasa.

Alitaka kufanya jambo moja kwa heshima, basi. Aliinua mikono, akaipeleka shingoni kuivua filimbi. Aliupapasa uzi. Nyuma ya shingo macho hayafiki, na bila macho vidole vyake vilikuwa vipofu. Alipapasa kola, akapapasa nywele, akavuta kitu kikawa ni kola tena. Watu walitazama bia zao. Aliendelea. Jasho lilimtoka, na kila mtu mezani alitamani kumsaidia na kila mtu aliona haya kuinuka. Aliendelea mpaka ikawa haivumiliki kutazama.

"Paula ana mkasi," mtu alisema kwa sauti ndogo, kisha akajutia neno lenyewe.

"Haikatwi," alisema Odiel. Mikono ikamwanguka mapajani. "Firmin. Nisaidie."

Firmin alikuja akapiga goti nyuma ya kiti. Vidole vyake vinene vya kuendesha lori vikahangaika na lile fundo dogo, gumu. "Halifunguki, rafiki yangu."

"Si la kuvuta. Ni la wafumaji. Unaona ncha fupi?"

"Naona."

"Irudishe nyuma, ielekee kule ilikotoka. Sasa shika uzi mrefu pande zote mbili, unyooshe. Umenyooka?"

"Umenyooka."

"Sasa fundo linateleza lenyewe. Lisukume kwa kucha. Taratibu."

Alikuwa akisema huku anatazama nje dirishani, kwenye uwanja wa kanisa, ambako baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta, safi, na gia zake mpya, tayari kuitika mguso wa mtoto mchanga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza kiwandani. Nyuma yake Firmin alikuwa akihema kwa taabu. Uzi ulilegea, ukatoka. Firmin aliitazama ile filimbi, hakuthubutu kuichukua wala kuiweka mezani. Akainama, akaufungua mkono wa rafiki yake uliokuwa pajani, akaiweka kiganjani ili aitoe mwenyewe, kisha akavikunja vidole juu yake, kimoja kimoja.

Odiel aliendelea kutazama dirishani. Wote wakangoja.

"Bado tu?" aliuliza.

"Iko mkononi mwako, Odiel," alisema Firmin.